Serikali ya Maharage ya Njano

Enzi zetu, wenzangu mnaosoma hii mkiwa mmeisogeza mbali na macho, serikali ilikuwa inaanguka kwa kishindo. Ndivyo sisi watoto wa mtaa wa Bwiza tulivyodhani. Redio ya jirani ilikuwa inasema huko nchi fulani serikali imeanguka, nasi tukawa tunaona nyumba kubwa ya matofali inaporomoka, vumbi linapanda, mbuzi wanakimbia, waziri anatoka chini ya mabati akiwa mweupe kwa chokaa. Nilikaa na picha hiyo mpaka darasa la tano, na darasa la tano kwangu ndilo lilikuwa la mwisho. Nalisema bila haya. Nina duka la vyuma, nina malori mawili, na wenye diploma zao wanakuja asubuhi kunisalimia kwa mikono miwili. Ila serikali inavyoanguka naijua vizuri, maana niliangusha moja kwa mkono huu huu, nikiwa na miaka kumi na miwili, pekupeku.

Aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Nadia. Anasoma huko Kiriri, mtaa wa matajiri, shule yenye bustani na basi la kuwafuata watoto hadi mlangoni, kana kwamba wamezaliwa bila miguu. Alikuja Jumamosi, akatupa begi, simu mkononi kama kawaida, akasema:

"Babu, tuko na jeu de rôle, mchezo wa kuigiza. Tunacheza nchi ya Afrika, imetoka kupata uhuru. Mi niko shefu wa chama kidogo, vyama vikubwa viwili vyote vinanitaka. Nifanye koalisyo na nani?"

"Koalisyo ndio kitu gani?"

Akacheka. "Babu na we! Ni serikali ya mseto. Hakuna mwenye kutosha peke yake, basi wanaungana."

Nikakaa wima kwenye kiti. "Hiyo tuliicheza."

"Apana, Babu! Enzi zenu?"

Alisema "enzi zenu" kama mtu anayetaja wakati watu walipokuwa wanakula majani. Nikamwambia aweke simu chini. Akaigeuza kifudifudi, ambayo kwa watoto wa leo ndiyo heshima kubwa kabisa, nikaanza.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, shule yetu kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Zamu wa shule, yaani mlinzi, mzee mmoja mwenye jicho moja na hasira za macho mawili, aliigonga kwa nondo, na mlio wake ulifika mpaka sokoni. Darasani tulikaa watatu watatu kwenye benchi la mbao. Kila mtu na ardwazi yake, kile kibao cheusi cha kuandikia, na kitambaa cha kufutia ambacho kwa wengi wetu kilikuwa ni mkono wa shati. Mama alikuwa ananiambia kila asubuhi: "Ukianguka, uangukie ngozi. Ngozi inajishona yenyewe, shati linashonwa na nani?" Ndiyo maana magoti yangu mpaka leo yana ramani.

Barabarani kulikuwa na harufu ya mandazi, ya ndagala, vidagaa vya kukaanga, ya mafuta ya taa. Mpira tulifunga wenyewe kwa majani ya migomba na kamba. Ulidumu siku mbili kama mvua haikunyesha, ikinyesha tulicheza na matope. Wasichana walikuwa na kamba yao na vijiwe vyao, na wakitukuta tumekaa bure walitucheka mpaka tukaona aibu tukatafuta kazi.

Mwalimu wetu aliitwa Venansi. Mwembamba, koti moja, baiskeli moja, na vyote viwili alivifuta vumbi kwa kitambaa kile kile. Alitoka milimani. Hesabu alitufundisha kwa Kifaransa, alitugombeza kwa Kirundi, na Kiswahili alikijifunza kwetu sisi watoto, akawa anakitumia siku za furaha tu. Bendera ilikuwa bado mpya wakati ule, rangi haijapauka. Siku moja tulimuuliza kwa nini kwenye redio kila wiki kuna serikali imeanguka. Akasema tungoje. Kesho yake akaja na kikapu cha maharage.

Maharage yetu mnayajua, yana rangi kushinda duka la vitenge. Ndani ya kikapu aliweka mekundu, meupe na ya njano. Akasema kila mtu apite mbele, afumbe macho, achukue moja. Rangi uliyotoa ndiyo chama chako.

Saidi, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, familia ya Waarabu wa zamani pale mtaani, akanyoosha kidole: "Bila kuangalia, Mwalimu? Kama sitaki rangi yenyewe?"

"Bila kuangalia," Mwalimu akajibu. "Hata kuzaliwa hukuangalia."

Wakati ule niliona ni mchezo tu. Leo naelewa. Angetuacha tuchague wenyewe, tungejipanga kwa dini, kwa avenyu tunayokaa, kwa kabila la baba. Alituchanganya kwa maharage, na kwa muhula mzima sikusikia mtu anamuuliza mwenzake ni mtoto wa nani. Alimuuliza ni haragwe gani.

Tulikuwa wanafunzi hamsini na mmoja. Wekundu wakawa ishirini na wawili, mkubwa wao Deo, mtoto wa karani, mmoja wa wachache wenye viatu. Weupe wakawa ishirini na mmoja, wakamchagua Saidi. Njano tukawa wanane. Wanane! Wenzetu walitucheka, wakatuita mabaki ya kikapu. Mwalimu akaandika ubaoni 26, akaizungushia duara.

"Mwenye hii ndiye anayetawala. Nani anayo?"

Deo akasimama. "Sisi, Mwalimu. Sisi ndio wengi."

"Wengi ndio. Ishirini na sita ndio?"

Deo akahesabu watu wake tena, kwa kidole, kama vile mmoja angezaliwa pale pale. Ndipo kichwani mwangu kitu kikageuka. Mimi niliyekuwa nachaguliwa wa mwisho kwenye mpira, kwa sababu nilikuwa na mdomo kuliko miguu, niliona wale wakubwa wawili wanageuza shingo polepole kutazama benchi letu.

Neno la mseto Mwalimu hakuwa nalo, wala la Kifaransa hakutupa. Alisema "kuhamia benchi". Wanaoungana wanahamia mabenchi ya mbele, karibu na dirisha, kwenye hewa. Wanaobaki wanakaa nyuma, upande wa vyoo. Na mkihama pamoja mnasema neno moja. Mtu wa benchi la mbele akikataa sheria ya serikali yake, anarudi nyuma na watu wake wote, na alichopewa anakiacha mezani. Serikali ikipungua chini ya ishirini na sita, imeanguka. Basi hiyo ndiyo siri yote ya redio. Hakuna nyumba, hakuna vumbi, ni watu wanabeba ardwazi zao kwenda kukaa kwingine. Niliduwaa.

Na mchezo wenyewe haukuwa wa mdomo tu. Mwalimu alitupa mamlaka ya kweli juu ya mambo matatu: fagio, mpira na mlango. Fagio ni zamu za kufagia darasa. Mpira ulikuwa mpira wa ngozi, wa kweli, wenye kamba za kufungia, sijui alikoutoa. Alipouweka mezani, watoto hamsini na mmoja tulivuta pumzi mara moja. Na mlango ni sheria ya wanaochelewa, kama wanaingia au wanabaki nje.

Sasa nikupe Zaituni. Zaituni alikuwa njano kama mimi, mtoto wa mama muuza mandazi wa avenyu ya pili kutoka kwetu. Hesabu alizifanya kabla Mwalimu hajamaliza kuziandika. Lakini kila siku alichelewa. Kabla ya shule alikuwa anapanga foleni robineni, lile bomba la mtaa, na aliyeshika ufunguo wa bomba alifungua akishiba usingizi. Siku nyingine jua limeshapanda, madebe yamepanga mstari mpaka kona. Asipoleta maji mama yake hakandi unga, asipokanda hawali. Basi aliingia darasani kila siku mgongo umelowa, nasi tukamwita Mvua.

Alikuja benchini kwetu akakaa mbele yangu. "We uwe mukubwa wetu," akasema. "Uko na sauti. We utasema, mi nitafikiri."

"Nifikiri na mimi kidogo?"

"Apana, utatuchelewesha." Halafu akaacha kucheka. "Tuombe kitu kimoja tu. Mulango. Watu wa maji waingie. Ingine yote muwaachie, hata fagio, hata mupira. Umesikia? Mulango."

"Nimesikia."

"Sema."

"Mlango."

Wote saba wakakubali. Maskini, walikuwa wameniamini.

Mapumziko, Deo akanifuata nyuma ya uzio wa miyenzi, pale tulipokuwa tunakatazwa kukaa kwa sababu utomvu wake unaumiza macho. Mikono yake ilikuwa mgongoni.

"Sha, mwenzangu, hamia kwetu na watu wako. Nakupa fagio, mtakuwa mnapanga zamu."

"Fagio mpe mama yako. Sisi tunataka mlango."

"Mlango wa nini? Si unakaa hapo tu? Wewe hujachelewa hata siku moja."

Kweli, sikuwahi kuchelewa. Hilo lilinifikia. Kisha akatoa mikono mgongoni, na ndani ya mikono kulikuwa na mpira. Akaniwekea kifuani. Ulikuwa na harufu ya duka jipya, ya kiatu cha tajiri. Ulikuwa mzito. Nyie wa rika langu mliokulia mpira wa migomba mnaelewa ninachosema, wengine wasome tu.

"Waziri wa mpira ndiye anayeubeba," Deo akasema. "Ndiye anayesema nani acheze. Jumamosi analala nao kwao."

"Na mlango?"

"Mlango tutaongea kisha."

Hilo "kisha" limenifundisha biashara kuliko shule yoyote. Leo mteja akiniambia "kisha" namuuliza saa ngapi. Siku ile sikuuliza. Nilirudi kwa wangu na mpira kwapani, nikawaambia tunahamia kwa Wekundu, mlango utakuja. Wavulana watano walipiga kelele za furaha. Zaituni aliutazama mpira, akanitazama mimi, akabeba ardwazi yake akahama.

Siku nne nilikuwa mtu mkubwa Bwiza. Watoto wa darasa la sita walinisalimia. Mmoja aliniletea ndagala kwenye karatasi ili nimuweke mshambuliaji. Nilitembea na mpira kichwani, nikakohoa kama baba. Wazee wakauliza huyu ni mtoto wa nani, na mama yangu akajibu kwa sauti hata wasipomuuliza yeye.

Jumatatu Deo akasimama na karatasi. Sheria ya mlango. Ilisema hivi: rimu ikilia, mlango unafungwa, aliye nje abaki nje mpaka mapumziko. Bila sababu. Alikuwa amechoka, akasema, watu wanaingia wakati wa hesabu wanadondosha maji. Mwalimu Venansi akauliza kama serikali yote iko pamoja. Akaanza kuita majina, mmoja mmoja, unajibu ndiyo au apana, kwa sauti.

Zaituni hakuwamo darasani. Alikuwa robineni.

Majina yalikuja kuelekea kwangu benchi kwa benchi. Mpira ulikuwa chini ya miguu yangu, nilikuwa nauzungusha kwa nyayo. Nilijua kabisa: nikisema apana, tunarudi upande wa vyoo, na mpira unabaki mezani. Mwalimu akaita jina langu. Niliinua macho dirishani. Niliona vidole vimeshika chuma cha dirisha, vidole vinne, vimelowa. Nikajiambia ni vya mtu mwingine.

"Ndiyo," nikasema. Kwa ile sauti niliyochaguliwa kwa ajili yake.

Basi sheria ikapita, na Zaituni akaanza kusomea dirishani. Aliweka ardwazi juu ya matofali ya dirisha, akasimama kwa vidole vya miguu. Mwalimu akiuliza swali, kidole cha kwanza kilitoka nje. Mwalimu alikitazama kile kidole, akamuita mtu wa ndani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimuingize tu, yeye si ndiye mkubwa? Akanijibu kwa Kirundi, lugha yake ya kugombeza, lakini taratibu, kwamba sheria ni yetu, tuliipiga kura wenyewe. Mpaka leo najiuliza kama alifanya vizuri. Ningekuwa mimi ningevunja ule mlango. Lakini pengine ndiyo maana yeye alikuwa mwalimu na mimi nauza nondo.

Siku ya tisa dirisha lilikuwa tupu. Ya kumi vilevile. Nilijikuta natazama matofali yale kuliko ubao. Mtu akijibu hesabu vibaya, na walijibu vibaya sana siku zile, nilikuwa nasubiri kidole kitoke nje. Jioni nikaenda kwao. Mama yake alikuwa anageuza mandazi, hakuinua uso.

"Karibu, Waziri," akasema. "Mpira umeuacha wapi?"

Zaituni alikuwa anakanda unga, mikono mpaka viwiko.

"Zaituni, huji shule?"

Mama akajibu badala yake. "Aende akasimame nje? Kusimama hata hapa kunasimamwa, na hapa anauza. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Kama mlango umefungwa na mwezi ukiisha, basi shule imekwisha. Sina mtoto wa kuning'inia madirishani."

Zaituni akapangusa unga mikononi. Alichukua andazi moja, akanipa, kama mteja. Nikatoka nalo mkononi bila kulila. Mimi! Niliyekuwa nakula mpaka maganda.

Zilibaki siku sita za shule kabla ya mwezi kuisha. Kesho yake nikawakusanya wanjano, nikawaambia tunatoka kwa Wekundu. Almanusura wanipige.

"Ulituambia mlango utakuja!" mmoja akanifokea. "Sasa turudi vyooni kwa sababu ya Mvua?"

"Si kwa sababu ya Mvua," nikasema. "Kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeuza."

Wakashusha ngumi. Watoto hawajazoea kusikia mkubwa akisema hivyo. Hata wazee hawajazoea.

Nikaenda kwa Saidi. Alinikalisha kama baba yake anavyokalisha wateja, kidogo aagize chai. "Unakuja na nini?" akauliza. Nikamwambia watu saba na kura zao, wa nane yuko nyumbani. Yeye ishirini na mmoja, sisi saba, ishirini na nane. Inatosha.

"Mpira ni wetu," akasema.

"Chukua."

"Fagio ni lenu. Mpaka mwisho wa muhula, kila siku, wanane nyinyi tu."

Nilifumba macho. "Tunafagia."

"Na mlango... sisi mlango hautuhusu. Lakini nikiwaambia watu wangu wafungulie wachelewaji bure, wataniuliza sisi tunapata nini." Akafikiri, akatazama pembeni ya darasa kulikokuwa na mtungi wa maji ya kunywa, mkavu tangu Pasaka. "Anayechelewa kwa ajili ya maji aingie. Ila aje na maji. Kopo moja, anamimina mtungini. Asiye na maji, nje."

Nilitaka kumbusu yule mtoto. Mpaka leo sijaona mkataba mzuri kuliko ule, na nimesaini mingi nisiyoweza kuisoma.

Jumatano nilisimama, nikaweka mpira mezani kwa Mwalimu, nikabeba ardwazi yangu. Saba tukatembea kutoka mbele kwenda kukaa na Weupe. Hakukuwa na kishindo chochote. Nyayo tu kwenye sakafu, na pua ya Deo, maana Deo alikuwa analia. Ndivyo serikali inavyoanguka, wenzangu. Niliisubiri miaka mingi kuisikia, nami nilipoiangusha haikutoa sauti. Mwalimu alifuta vumbi kwenye koti lake lisilo na vumbi. Sheria mpya ikapita siku ile ile. Nikakimbia mpaka kwa mama Zaituni, nikasimama mlangoni nikihema: "Aje na kopo!" Mama alidhani nimechanganyikiwa.

Alhamisi, hesabu zimeshaanza, mlango ukagongwa. Zaituni aliingia na kopo la maziwa ya unga limejaa mpaka juu. Akapita mbele ya wote polepole asimwage, akamimina mtungini. Ile sauti ya maji kwenye mtungi mkavu bado ninayo masikioni. Kisha akaja kukaa benchini kwetu, karibu yangu, akatoa ardwazi. Hakunisalimia wiki nzima. Nilifagia darasa lile muhula wote, na kila nikifika chini ya dirisha nilifagia mara mbili.

Ile sheria iliharibika kwa uzuri. Watu walianza kuchelewa makusudi ili waje na maji. Mtungi ulimwagika, ukaongezwa wa pili. Deo mwenyewe, mwenye viatu, nilimwona robineni amepanga foleni na kopo, anagombana na wamama. Mwisho wa muhula Mwalimu akakusanya maharage yetu, yale ambayo hatukuwa tumeyatafuna, mkewe akayapika na yaliyobaki kikapuni kwenye chungu kimoja. Tukala vyama vyote kwa chumvi na mawese, na hakuna aliyetambua rangi yake, yakipikwa rangi inaondoka.

Mwaka uliofuata Mwalimu Venansi hakurudi. Hatukuambiwa kwa nini, na siku zile mtoto hakuuliza mara mbili. Aliyekuja badala yake alifunga mlango kwa komeo. Mimi sikuwapo kuuona, baba alikuwa ameumia mguu nami nikaanza kusukuma mkokoteni sokoni. Zaituni alikaza mpaka darasa la sita, akapata cheti, kisha mlango wa sekondari ukamshinda na yeye. Lakini alikipata. Bwiza nzima imesomewa barua na Zaituni. Hata mimi: mikataba yangu ya kwanza ya vyuma ni yeye aliyenisomea, mstari kwa mstari, akinikazia macho kila akifika neno "baadaye".

Nadia alikuwa amesikiliza mpaka hapo bila kugeuza simu. Akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuuliza.

"Babu, alikusikia? Siku ulisema ndiyo, Bibi Zaituni alisikia?"

"Sijui."

"Hujui? Si anakaa hapo tu?"

Kweli anakaa hapo tu. Nyumba sita kutoka kwangu. Miaka karibu sitini nimekula kwake Idi, nimemzika mumewe, nimemuozesha binti yake, na hilo sikuwahi kumuuliza. Mtoto wa Kiriri, asiyejua kuwasha moto wa makaa, aliniaibisha kwenye kiti changu mwenyewe. Nikachukua fimbo. Tukaenda.

Zaituni alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, miwani puani, anamsomea jirani ujumbe wa simu. Alipomaliza nikasimama mbele yake. Sikukaa.

"Zaituni. Siku ile ya majina. Wewe ndiwe ulikuwa dirishani?"

Akavua miwani. Hakuuliza siku gani.

"Nilikuwa nimeshika chuma," akasema. "Nilisikia yote. Deo alisema ndiyo kwa pua. We ulisema kwa sauti nzuri sana."

"Na hukusema kitu miaka yote hii."

"Ningesema nini? Mi nilikuwa nje. Mutu wa ndani ndiye anauliza." Akamtazama Nadia, akanitazama mimi. "Nilikuwa nakungojea. Umechelewa."

Nilisimama tu pale mlangoni kwake, na viatu vyangu vya ngozi.

"Basi niingie?" nikauliza mwishowe.

"Umekuja na maji?"

Nadia akaangua kicheko, akafungua begi, akatoa ile chupa yake ya maji ya dukani, akataka kunipa. Zaituni akatikisa kidole, kile kile. "Ya kununua apana. Robineni."

Bomba siku hizi liko uani kwake, hatua kumi tu. Nilikwenda mwenyewe. Nikafungua, nikajaza kikombe mpaka juu, nikarudi nacho polepole nisimwage, fimbo mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Akanywa yote. Akasogea kwenye mkeka.

"Sasa kaa."

Jioni, wakati basi la kumrudisha kwao linakaribia, Nadia alinieleza mchezo wao unavyokwenda. Wanapiga kura kwa simu, majina hayaitwi, kila mtu anabonyeza na hakuna anayesikia sauti ya mwenzake. Wizara wanazo kumi na nne. Za kuigiza zote, hakuna hata moja yenye mpira. Nikamwambia ni kitu kizuri, kisafi sana. Enzi zetu tulikuwa na wizara tatu tu na mlango mmoja wa mbao, na aliyebaki nje ya mlango tulimjua kwa jina. Nikamuuliza, huko kwenu Kiriri, rimu ikilia, nani anabaki nje? Akafungua mdomo ajibu haraka, kama wanavyojibu siku hizi, kisha akaufunga. Alipanda basi akiwa bado anafikiri, na simu yake aliisahau kwenye mkeka wa Zaituni.